Mwenye Mchezo ni Nani? Mganda wa Mbinga na Hatamu ya Ngoma

Kiswahili kina neno moja, mchezo, linalobeba mambo ambayo lugha nyingine huyagawia maneno kadhaa. Watoto wako mchezoni. Wazee barazani wanacheza bao. Waigizaji wanacheza mchezo jukwaani. Wanangoma wakiingia uwanjani, nao husema wanacheza. Hata akina mama wanaochangishana fedha na kupokezana kwa zamu husema wanacheza mchezo, na yule anayekusanya fedha humwita kijumbe. Tuanze na kijumbe huyo. Fedha zote hupita mkononi mwake, daftari analo yeye, na asiyelipa hufuatwa na yeye. Lakini zamu ikishapangwa hana ruhusa ya kuipangua peke yake. Akiipangua, wenzake watajitoa mmoja mmoja, na mchezo utakwisha. Madaraka anayo, ila mchezo si wake.

Makala haya yanalipeleka swali la kijumbe mbali kidogo na fedha. Pale watu wanapokubaliana kujifanya watu wengine kwa muda, huyu akawa mfalme, yule akawa daktari, na mmoja wao akashika hatamu, mwenye mchezo ni nani? Ni mshika hatamu, au ni wanaocheza? Mahali pa kulichunguza jambo hili ni Mbinga, katika milima ya Umatengo, na chini yake kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, kutoka Lituhi kupitia Liuli hadi Mbamba Bay. Mwambao huo ulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012. Huko juu watu hulima kahawa, na mahindi na maharage kwenye matuta yanayozunguka mashimo ya ngoro. Huku chini huvua samaki. Lakini juu na chini huunganishwa na ngoma moja, nayo ni mganda, inayochezwa na wanaume, pamoja na mwenzake kioda, ngoma ya wanawake.

Mtafiti wa muziki Stephen Hill aliandika juu ya mganda wa Wamatengo katika kitabu kiitwacho Mashindano!, kilichochapishwa Dar es Salaam mwaka 2000. Sura yake aliipa jina la Kiswahili: Mchezo Umelala. Mwenye kupenda lugha hana budi kusimama hapo kidogo. Mchezo ni ngoma yenyewe. Na kitenzi ni kulala, wala si kufa. Kilichokufa huzikwa, kilicholala kina mtu wa kukiamsha. Basi swali letu lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa maana asiyejua mwenye mchezo ni nani hawezi kujua nani wa kuuamsha.

Swali hili linaulizwa pia mahali ambapo mganda haujapata kusikika. Kwa nusu karne sasa, wapenzi wa michezo ya uhusika inayochezwa mezani wamekuwa wakiligombania. Katika michezo hiyo watu wachache huketi pamoja, na kila mmoja huvaa uhusika mmoja: shujaa, mwizi, mchawi. Mmoja wao hana mhusika wake mwenyewe. Huyo ndiye mwongoza mchezo. Yeye huieleza dunia wanamopita wenzake, huwasemea maadui na wapita njia, na dadu zikitupwa husema kilichotokea. Mchezo wa kwanza wa namna hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, uliandikwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatoka mwaka 1974. Ugomvi ulikuwa tayari ndani yake. Mwongoza mchezo akiwa na kisa chake kichwani na kuwasukuma wenzake wakifuate, wao hulalamika kwamba wamewekwa kwenye reli: wanakwenda, lakini njia si yao. Akiwaachia kabisa, kila mmoja hushika upande wake, na kisa hakipatikani.

Chimbuko la mwongoza mchezo huyo liko jeshini. Mwaka 1824 ofisa wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita wa kuwafunzia maofisa. Ulichezwa juu ya ramani. Pande mbili ziliandika amri zao na kumkabidhi mwamuzi, naye ndiye aliyesogeza vikosi na kuamua kila upande unaona nini. Kanuni zilikuwa nyingi na hesabu zilichosha. Mwaka 1876 ofisa mwingine, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza kanuni ziwekwe kando na mwamuzi mwenye uzoefu wa vita aamue kwa busara yake. Uhuru kutoka kwenye kanuni ulipatikana kwa kumwongezea mwamuzi madaraka. Tukikumbuke kitendawili hicho, tutakikuta tena.

Mchezo huo ulivuka bahari. Mwaka 1880 Charles Totten wa jeshi la Marekani alichapisha kitabu chake cha michezo ya vita, Strategos. Karibu miaka 90 baadaye kijana wa Minnesota, David Wesely, alikisoma na kushika wazo moja: mchezaji aruhusiwe kujaribu lolote, na mwamuzi aamue kama limefaulu. Mwaka 1969 aliandaa mchezo wa vita katika mji wa kubuni wa Kijerumani, Braunstein. Badala ya kuwapa watu vikosi pekee, aliwapa uhusika: huyu meya, yule mwenye benki, mwingine kiongozi wa wanafunzi. Vita vyenyewe havikupata kuanza. Watu walianza kunong'onezana pembeni, kufanya njama na kutakana kupigana wawili wawili, na Wesely akashindwa kuwadhibiti. Alirudi nyumbani akidhani ameharibu. Wenzake walimwomba aandae mwingine. Arneson alikuwa miongoni mwao, na kutokana na vurugu hiyo ndipo ulipopatikana mchezo wa mwaka 1974.

Sasa turudi ziwani, kwa sababu gwaride la Kizungu lilikuwa na tawi jingine lililofika kwetu. Liuli, katika zama za Wajerumani, iliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali linalofanana na sanamu ile ya Misri. Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa hapo kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, na nahodha Rhoades wa meli ya Waingereza, Gwendolen, walikuwa marafiki wa miaka. Rhoades alipata amri kutoka kwa wakubwa wake. Berndt alikuwa hajapata habari ya vita. Gwendolen ilipofyatua mzinga, inasimuliwa kwamba Berndt alipanda mashua na kumwendea rafiki yake kwa hasira, akitaka kujua kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Katika kisa hicho watu wawili walipewa uhusika na waamuzi wa mbali, London na Berlin, na hawakuwa na nafasi hata ya kuukataa. Wenyeji wa pande hizi walipewa nafasi ndogo zaidi. Vita vilipopanda kutoka ziwani hadi Songea, ambako majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland yaliingia mwaka 1916, wanaume walichukuliwa kuwa askari na wapagazi wa pande zote mbili. Walifunzwa kusimama mstari, kugeuka kwa amri, kupiga saluti na kuita watu kwa vyeo. Wengi hawakurudi. Waliorudi walikuja na gwaride miguuni mwao, nao wakaligeuza kuwa kitu kingine.

Kitu hicho kilikuwa na jina kabla ya vita. Katika miaka ya 1890, Lamu na Mombasa zilikuwa zimekwisha kuwa na beni, ngoma iliyochota jina na mtindo kutoka kwenye bendi za kijeshi. Mitaa iliyokuwa ikishindana kwa ngoma tangu zamani ilipata silaha mpya: sare, vyeo, tarumbeta. Beni ikashuka pwani hadi Tanga na Dar es Salaam, ambako makundi mawili, Marini na Arinoti, yaligawana mji. Kila kundi lilikuwa na safu ya vyeo: wafalme, makaisari, magavana, majenerali, kwa wanaume na kwa wanawake. Walizika wafu wao, walisaidia wagonjwa wao, na walifilisiana kwa karamu. Vita vya 1914 hadi 1918 viliisambaza beni bara yote pamoja na majeshi, na kandokando ya Ziwa Nyasa, upande wa magharibi na wa mashariki, wanangoma wakaipa sura yao. Mganda ni mmoja wa watoto hao. Badala ya tarumbeta za shaba wakatumia malipenga, yaani vibuyu vikavu vyenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Mpigaji huimba ndani yake, na sauti hutoka ikikwaruza kama ya baragumu. Lipenga kwa Kinyanja ni tarumbeta, na kibuyu kile kilipewa jina hilo bila kuomba radhi kwa mtu.

Kwa muda mrefu waandishi wa Kizungu waliutazama uigaji huu kwa huruma au kwa dharau. Waliona mtu aliyetawaliwa akivaa nguo za mtawala wake. Terence Ranger, katika kitabu chake cha historia ya beni cha mwaka 1975, aliutazama kwa jicho jingine: akaona mashindano ya zamani ya pwani yakiendelea katika vazi jipya, na watu wakijiundia vyama vyao wenyewe katika dunia iliyobadilika ghafla. Nakubaliana naye, na naongeza jambo moja. Tusitazame vazi peke yake. Tutazame nani alikuwa akivika. Katika jeshi la Mjerumani au la Mwingereza, cheo hakichaguliwi na wenzako. Katika beni mtu alikuwa jenerali kwa sababu wenzake walikubali awe jenerali, nao walikuwa na uwezo wa kumvua. Amri zilikuwa zilezile, miguu ileile, ila chemchemi ya madaraka ilikuwa imehamishwa.

Tuutazame mganda uwanjani. Wanaume wamesimama safu kwa safu, wengi kwa mavazi meupe yaliyopigwa pasi. Nyuma yao kuna ngoma kubwa na malipenga. Mbele yao yuko kiongozi, ambaye katika mapokeo ya mwambao huu huitwa kwa cheo cha kijeshi. Yeye ndiye anayeanzisha hatua, na safu huipokea. Asiyejua angesema kwamba hapa hakuna uhuru hata chembe: wote wanageuka pamoja, wanainama pamoja, wanasimama pamoja. Lakini tazama vizuri. Kiongozi ameanzisha, kama safu haikupokea, hana ngoma. Hawezi kuwaadhibu kwa kiboko wala kuwakata posho. Akichagua hatua ngumu kupita uwezo wao, aibu ni yake. Na ndani ya umoja ule kila mtu ana lake: namna anavyochelewesha goti, anavyobeba mabega, leso aliyoishika, miwani ya jua usoni. Watazamaji wanamjua kila mmoja kwa mwendo wake kama mshairi anavyojulikana kwa kauli yake hata katika bahari iliyotumiwa na wengine elfu.

Mfano wa jirani unatusaidia kuona jinsi uhusika ulivyoweza kupanuliwa. Wanaume wengi wa nchi zinazolizunguka ziwa walikwenda kutafuta kazi migodini na mashambani, wengine katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wengine katika mkonge wa Tanga na Morogoro. Katika mji wa Luanshya, mwaka 1951, J. Clyde Mitchell alitazama ngoma ya kalela, ndugu mwingine wa ukoo wa beni, na maandishi yake yakatoka mwaka 1956. Kundi alilolitazama lilikuwa na daktari aliyevaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu, na nesi aliyekuwa mwanamke pekee kati yao. Kazi ya nesi ilikuwa kupita safuni na kioo na leso, ili kila mchezaji ajitazame na kujifuta jasho. Nyimbo zilitungwa na wenyewe, zikazitania kabila nyingine za mjini. Hakuna kitabu cha kanuni kilichosema nesi abebe kioo. Ni mtu aliyepewa uhusika akaujaza kwa akili yake, sawasawa na yule mwenye benki wa Braunstein aliyejibunia njama ambazo Wesely hakuzitarajia.

Watawala walilinusa jambo hili, ingawa walilielewa nusu. Katika migodi hiyohiyo ya shaba, mwaka 1935, wachimbaji waligoma, na askari wakaua watu sita Luanshya. Tume iliyochunguza mgomo huo ilitaka kujua mchango wa chama cha ngoma, Mbeni. Swali lake, kwa lugha yetu, lilikuwa: mwenye mchezo ni nani? Tume ilizoea jeshi, ambamo aliyevaa kofia ya jenerali ndiye mwenye amri, na ikamtafuta mtu huyo. Lakini nguvu ya vyama vile haikuwa kofiani. Ilikuwa katika mazoea ya watu wasiojuana kukutana, kupangana safu, kuchanga fedha na kuheshimu zamu. Hiyo haikamatwi kwa kumkamata mtu mmoja.

Hapa naweza kusema kwa kifupi kile ninachokiona katika historia hii. Mchezaji wa mganda alikuwa na uhuru wa namna tatu, na hakuna hata mmoja uliohitaji kiongozi aondoke. Wa kwanza ni uhuru wa kuujaza uhusika aliopewa. Wa pili ni uhuru wa kujitoa: aliyechoshwa na kiongozi aliweza kuhamia kundi jingine, au kuanzisha lake, na vyama vingi vya ngoma viliongezeka kwa njia hiyo. Wa tatu, nao ndio mkubwa, ni kwamba mwisho wa mchezo haukujulikana. Kijiji kimoja kilialika kingine. Wageni walilishwa na kulazwa. Kisha makundi yakashindana, na hakuna kiongozi wa upande wowote aliyejua mapema jioni ile itakwishaje. Usukuma, ambako Bagika na Bagalu huchezesha ngoma zao kwa wakati mmoja, mshindi ni yule anayevuta watu wengi upande wake. Hapo hata mwamuzi hana kiti chake. Mwamuzi ni miguu ya watazamaji.

Sisi wa ushairi tunayo mizani ya kulipimia jambo hili nyumbani kwetu. Fikirini malumbano. Tangu zama za Muyaka wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, hadi kurasa za mashairi za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, washairi wamerushiana mafumbo na kujibizana. Anayeanza huweka sharti: bahari hii, vina hivi, fumbo hili. Anayejibu hufuata bahari ileile, na mara nyingi vina vilevile. Ukitazama sheria, mjibuji amefungwa mikono na miguu. Ukitazama maana, hakuna aliye huru kuliko yeye, kwa sababu aliyeuliza hajui atajibiwa nini. Anaweza kusifiwa, kufumbuliwa, au kuvuliwa nguo mbele ya wasomaji kwa vina alivyovichagua mwenyewe.

Sasa fikirini ngonjera, ambayo mwasisi wake anatajwa kuwa Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera ilienea shuleni na kwenye sherehe kama chombo cha kufundisha siasa mpya. Nayo ina wahusika, ina kujibizana, ina vina na mizani. Huyu ni mjinga, yule ni mwerevu. Huyu anapinga, yule anaelimisha. Lakini kabla beti la kwanza halijaghaniwa, kila aliyeketi ukumbini anajua kwamba mpinzani atakubali beti la mwisho, na wote watasema kwa sauti moja. Sisemi haya kuidharau ngonjera. Imewafundisha watoto wengi kusimama mbele za watu na kutamka Kiswahili sanifu, na mimi ni mmoja wa waliofaidika nayo. Nasema tu kwamba mpinzani wa ngonjera ni abiria wa reli. Mtunzi amemkopesha ulimi kwa masharti kwamba ashindwe.

Ukiziweka malumbano na ngonjera bega kwa bega, utaona kwamba ule mgogoro wetu wa miaka ya 1970 kuhusu mashairi ya kimapokeo na mashairi huru uliuliza nusu ya swali. Tulipokuwa tukisoma Kichomi cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1974, wengine walilia kwamba ushairi umevunjwa, wengine wakashangilia kwamba umefunguliwa. Pande zote mbili zilidhani uhuru unapimwa kwa wingi au uchache wa kanuni. Maofisa wa Prussia walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba ukiondoa kanuni unaweza kuwa umemkabidhi mwamuzi kila kitu. Mganda na malumbano vinaonyesha upande wa pili: safu inaweza kunyooka kama rula na mchezaji akabaki huru, mradi mwisho haujauzwa mapema. Kipimo cha kwanza, basi, si mizani ngapi. Kipimo ni kama yupo mtu anayeujua mwisho kabla ya mchezo kuanza.

Kipimo hicho kinatusaidia pia kuuelewa usingizi wa mganda. Sababu moja ni ya tumbo. Kualika kijiji kizima kushindana ni gharama, na Umatengo fedha hiyo ilitoka kwenye kahawa. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyogawa mgao wa kahawa duniani yalivunjika na bei zikaporomoka. Katika miaka ya 1990 biashara ya kahawa nchini ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na ushirika uliozoeleka ukayumba. Mwalikaji asipokuwa na chakula cha wageni hawezi kualika. Asiyealika haalikwi. Zamu ikikatika mahali pamoja, mduara wote husimama, kama mchezo wa kijumbe mwezi ambao wawili wameshindwa kulipa.

Sababu ya pili ni ya hatamu, nayo inatugusa sisi zaidi. Siku hizi ngoma nyingi za asili nchini huitwa kumpokea mgeni rasmi au kupamba tamasha. Kundi hupewa dakika chache, wimbo hutungwa ukiwa na jina la mgeni, na mpinzani hayupo. Sare zinaweza kuwa safi kuliko zamani, na hatua zikawa sawasawa zaidi. Lakini wachezaji wamepandishwa kwenye reli. Mwisho unajulikana: mgeni atasimama, atapiga makofi, pengine atatunza. Methali yetu inasema mcheza kwao hutunzwa, na iko kweli; lakini kwao, katika methali hiyo, ni mahali ambapo watazamaji wanaweza pia kukataa kutunza.

Ndiyo maana siamini kwamba mganda utaamshwa na mtu aliye juu yake, hata akiwa na nia njema na bajeti. Anaweza kununua ngoma mpya na sare. Hawezi kununua jambo lililowafanya vijana wa milimani washuke hadi ziwani kwa miguu, nalo ni shauku ya kutojua kama jioni watarudi wakiimba au wakinyamaza. Wesely alirudi nyumbani akidhani ameharibu mchezo, kumbe alikuwa ameuacha mikononi mwa wenyewe, nao ndio waliomfuata na kumwomba uendelee. Kiongozi wa mganda alilijua hilo kila alipoinua mguu wake mbele ya safu, akasikiliza kama nyuma yake kuna mguu mwingine.

Kilicholala Mbinga kinasubiri jambo dogo na zito: kijiji kimoja kikiambie kingine kije kushindana, na chakula kiwepo. Hatua ya kwanza itaanzishwa na kiongozi, kama ilivyokuwa siku zote. Kama itapokelewa, hilo ni la safu.